Daktari akiitwa kortini: kipi atoze, kipi asitoze

SWALI

Kwa Mshauri,

Assalaam aleikum. Mimi ni daktari bingwa wa mifupa. Niliacha kazi ya kaunti na sasa nina kliniki yangu hapa Malindi. Mwezi huu yamenijia mambo matatu ya korti kwa mpigo, na yote yananitatiza upande wa malipo.

La kwanza ni samansi kutoka korti ya Lamu. Kijana wa bodaboda niliyemtia chuma cha paja nilipokuwa hospitali ya serikali amemshtaki mwenye lori. Wakili wake anataka niende nieleze nilichokiona na nilichokifanya. Korti inaanza saa tatu asubuhi, na kliniki yangu itafungwa siku mbili au tatu.

La pili, wakili wa hapa mjini anataka kunipa majeruhi kumi na wawili wa ajali za barabarani niwapime na kuwaandikia ripoti zenye asilimia ya ulemavu. Anasema wengine huandika kwa Sh3,000. Tena ananishawishi niache kabisa kutoza ada, kesi zikishinda anikatie asilimia kumi ya fidia.

La tatu, mawakili wa Mombasa wameniletea faili la kurasa kama 400. Mgonjwa alikatwa mguu baada ya plasta kumbana, na hospitali inadaiwa uzembe katika Mahakama Kuu ya Malindi. Wanataka maoni yangu kuhusu huduma aliyopewa, kisha niwe tayari kupanda kizimbani. Wameuliza ninatoza ngapi, nami nimekaa kimya wiki nzima.

Wenzangu kila mmoja ana bei yake na hakuna anayeweza kueleza ameitoa wapi. Nikitaja kubwa nitaonekana mwenye tamaa, nikitaja ndogo ninafunga kliniki kwa hasara. Naomba unipe hesabu.

Daktari wa Mifupa, Malindi

JIBU

Waaleikum salaam, daktari.

Hayo matatu usiyape bei moja, kwa sababu kila moja linakuweka kortini kwa cheo tofauti. Lamu unaitwa kama shahidi wa tukio, yaani mtu aliyekuwapo. Kwa wakili wa mjini na wale wa Mombasa unaitwa kama shahidi mtaalamu, yule ambaye Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 48, inamruhusu kutoa maoni kwa sababu ya ujuzi wake. Mtaalamu hupatana bei. Shahidi wa tukio hana bei, na samansi ikishamfikia hana ruhusa ya kukataa.

Basi ya Lamu usiiandikie ankara ya ada. Unachostahili ni gharama. Amri ya 16 ya Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai inamtaka anayeomba samansi aweke kortini fedha za safari na matumizi ya shahidi. Mpigie wakili wa kijana umuulize kama ameweka, na kiasi gani, kwa maana mawakili wengi huweka kidogo wakitumaini shahidi hatahesabu. Wewe hesabu. Kutoka Malindi hadi Mokowe ni zaidi ya kilomita 200 kupitia Garsen na Witu, halafu boti ya kuvukia kisiwa cha Lamu. Ukitaka kuwa kortini saa tatu, huwezi kuondoka asubuhi ile ile ukategemea kufika. Utalala huko usiku wa kuamkia kesi, na kesi ikianza saa tano utalala tena. Nauli kwenda na kurudi, boti, malazi ya usiku mmoja au mbili, chakula: viandike kimoja kimoja na uombe vilipwe kabla hujaondoka.

Lakini kabla ya kufunga begi, mwulize wakili maswali mawili. Je, upande wa pili umekubali stakabadhi za matibabu zitolewe bila kumwita aliyeziandika? Hili hutokea mara nyingi kesi za ajali zinapopangwa, na daktari huachwa akiwa hana habari mpaka amefika. Na kama hawajakubali, je, hakimu ataruhusu utoe ushahidi kwa video? Tangu 2020 korti zetu zimezoea jambo hili, na ushahidi wa dakika arobaini haustahili kukugharimu siku tatu. Wakili aombe mapema, si asubuhi ya kesi.

Jambo jingine kuhusu Lamu: faili la kijana ni mali ya hospitali uliyoiacha. Usiende kueleza upasuaji kwa kumbukumbu ya kichwa. Wakili aombe rekodi kutoka hospitali, akipata nakala akutumie, nawe uzisome kabla. Na ukiwa kizimbani ukaulizwa kama paja litapata baridi yabisi baada ya miaka kumi, hapo umevutwa kutoka kwenye tukio hadi kwenye maoni. Wakili anayeyataka maoni hayo alipaswa kukuomba ripoti na kuilipia. Mwambie hivyo sasa, kwa simu, asije akakushtukiza mbele ya hakimu.

(Kwa kuwa wasomaji wengine wa fani hii watauliza: kesi za jinai ni ulimwengu mwingine. Fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandikia majeraha, hutolewa bure. Usiifanye mradi.)

Sasa wakili wa asilimia kumi. Mkatalie, kwa maandishi, leo. Shahidi mtaalamu ana wajibu kwa korti kabla ya wajibu wowote kwa anayemlipa. Kesi ya meli ya Ikarian Reefer, Uingereza 1993, ndiyo inayotajwa zaidi katika hili, na mwaka 2002, katika kesi ya Factortame, Mahakama ya Rufaa ya huko ilisema ni nadra sana kumkubali mtaalamu ambaye malipo yake yanategemea matokeo. Sababu yenyewe haihitaji jaji. Ukiandika ulemavu wa asilimia 30 badala ya 15, fidia inapanda, na mfuko wako unapanda nayo. Wakili wa bima atakuuliza swali moja tu kuhusu malipo yako, na ripoti zote kumi na mbili zitakuwa karatasi za kufungia mahamri.

Kuna sura nyingine ya mpango huo huo, inayovaa nguo za heshima: “Ada yako ni ile ile, lakini utalipwa kesi ikiisha.” Kwenye karatasi haitegemei ushindi. Kwa kweli kesi ikishindwa hakuna fedha, mteja hapatikani, na wakili hapokei simu. Kwa hiyo kanuni yako iwe moja: ripoti hailipiwi baadaye.

Bei ya saa yako haitoki kwa wenzako, inatoka kwenye daftari la kliniki. Chukua mapato ya siku ya kawaida ugawe kwa saa ulizokaa na wagonjwa. Tuseme unaona wagonjwa 14 kwa Sh3,500 kila mmoja: ni Sh49,000. Ukikaa saa saba, saa moja ni Sh7,000. (Badilisha namba hizo kwa zako.) Hicho ndicho unachopoteza kwa kila saa ya wagonjwa unayoitoa kwa korti, huku kodi ya nyumba na mshahara wa nesi vikiendelea. Chini ya hapo unamfadhili wakili.

Ripoti ya mtu aliyevunjika mfupa inakula muda hivi: kumpima dakika 40, kusoma picha za eksirei na karatasi za kuruhusiwa wodini dakika 30, kuandika na kusahihisha saa moja na dakika 20. Jumla saa mbili na nusu, yaani Sh17,500. Hapa ndipo hesabu inapokutana na soko. Kesi hizi ni za korti za chini, na katika hukumu utaona ripoti ya daktari ikidaiwa kati ya Sh3,000 na Sh10,000 au karibu na hapo. Aliyeumia shingo bila kuvunjika chochote, na fidia yake ni ndogo, hawezi kubeba ada ya Sh17,500 hata kama saa zako ni za halali. Ningeweka bei mbili za jumla: Sh7,000 kwa majeraha ya nyama na misuli, ambayo ripoti yake haizidi saa moja, na Sh15,000 kwa mfupa uliovunjika au ulemavu wa kudumu. Upungufu uufidie kwa kuwapanga wote Jumamosi alasiri, wakati kliniki haina foleni ya kupoteza.

Sh3,000 usiifuate. Ripoti ya bei hiyo huandikwa kwa dakika kumi na tano, na inajulikana kwa sura: aya zilizonakiliwa kutoka ripoti ya jana, mguu wa kulia ukageuka wa kushoto ukurasa wa pili, “maumivu na kukakamaa” bila kipimo chochote. Kampuni ya bima inampeleka majeruhi kwa daktari wake, naye anapima goti kwa goniomita (kifaa cha kupimia mkunjo wa kiungo), anaandika linakunja nyuzi 110, anapima urefu wa miguu kwa sentimita, anaitaja eksirei kwa tarehe yake. Hakimu akiziweka ripoti mbili mezani, unadhani atashika ipi? Wewe andika kama huyo wa pili, utaje na mwongozo uliotumia kufikia asilimia yako. Na usimpime mtu kabla mfupa haujaunga. Asilimia ya mtu aliye bado kwenye magongo ni ya kubahatisha, na utaitwa umpime tena. Upimaji wa marudio ulipiwe nusu ya bei, na uandike hivyo tangu mwanzo.

Risiti nayo ina wakati wake. Gharama maalum, yaani fedha ambazo majeruhi ametumia kwa sababu ya ajali, lazima zitajwe kwenye hati ya madai na zithibitishwe, shilingi kwa shilingi. Ukitoa risiti miezi sita baada ya wakili kufungua kesi, yule majeruhi anaweza kukosa kurudishiwa fedha yake. Toa risiti siku ya malipo, yenye jina la majeruhi, tarehe, na maneno “ripoti ya daktari”.

Usimpunguzie wakili huyu kwa sababu ana watu kumi na wawili. Siku moja utaulizwa kizimbani umemwandikia ripoti ngapi mwaka huu, na jibu zuri ni kwamba bei yako ni ile ile kwake na kwa bima, na kwamba umepima watu wa pande zote mbili. Weka orodha ya kesi zako. Marekani, katika korti za shirikisho, mtaalamu hulazimika kuitoa kabla ya kesi: alikotoa ushahidi miaka minne iliyopita, pamoja na malipo yake katika kesi iliyopo. Sisi hatulazimishwi hivyo, ila aliye na orodha hatikisiki.

Faili la Mombasa ndilo kazi hasa, na hapa bei ya jumla itakuumiza. Toza kwa saa. Ningetaja Sh10,000 badala ya 7,000, kwa sababu saa hizi zinabeba vitu ambavyo havina mstari wake kwenye ankara: simu za mawakili, kutunza faili, usiku wa kulisoma, na dhima ya jina lako. (Uliza pia kampuni inayokukatia bima ya kitaaluma kama inagusa kazi ya ushahidi. Nyingine hugusa matibabu tu.)

Usikubali kuanza na ripoti. Anza na mchujo: saa tatu, Sh30,000, zilipwe kabla hujafungua faili. Katika kesi ya plasta iliyobana, saa tatu zinatosha kuona kiini. Unatafuta saa ambazo mambo yalitokea. Plasta ilifungwa lini? Mgonjwa alianza lini kulia kwa maumivu yasiyotulizwa na dawa? Nesi wa zamu ya usiku aliandika nini kuhusu vidole, vina joto, vinasogea, vina hisia? Plasta ilipasuliwa saa ngapi? Misuli iliyokosa damu huanza kufa isivyorekebishika ndani ya saa sita hivi, kwa hiyo kesi nzima inaweza kukaa kwenye karatasi mbili za uangalizi za manesi, ambazo mara nyingi ndizo hazimo kwenye nakala. Zikikosekana, ziombe kabla ya kutoa neno lolote. Ukishaona, wapigie mawakili uwaambie kwa mdomo. Kama maoni yako ni mabaya kwao, wamelipa Sh30,000 na wameepuka kesi ya kushindwa. Wewe umelipwa sawasawa, na ndivyo inavyotakiwa.

Wakitaka kuendelea, wape makadirio. Maandishi ya mkono ya wodini hayasomeki zaidi ya kurasa 40 kwa saa ukiwa makini, kwa hiyo 400 ni saa 10. Ongeza saa mbili za kupitia machapisho ya kitabibu, saa tano za kuandika, saa moja ya kikao na mawakili. Jumla 18. Ondoa tatu zilizokwisha kulipwa, zinabaki 15: Sh150,000. Waandikie kwamba hutapita kiasi hicho bila idhini yao ya maandishi. Wanaogopa ankara isiyo na mwisho zaidi ya wanavyoogopa bei kubwa. Nusu, Sh75,000, iingie kabla ya kuanza, na nusu ya pili kabla hujakabidhi ripoti iliyotiwa sahihi. Rasimu pia usiitoe. Rasimu ikishatumwa, sahihi inaweza kungoja mwaka.

Siku ya korti itozwe kwa nusu siku, Sh40,000, au siku nzima, Sh80,000, si kwa dakika za kizimbani. Uwe umekaa benchi au umesimama kuhojiwa, kliniki imefungwa vile vile. Matayarisho, saa mbili za kulipitia faili upya, yana ankara yake. Kesi ikihamia mbali, saa za njiani zitoze nusu ya bei ya saa.

Kinachowala madaktari wengi ni kuahirishwa. Hakimu yuko likizo, faili halionekani, wakili wa upande wa pili ana kesi nyingine, au pande zimeelewana usiku wa kuamkia kesi. Nawe umeshawapigia wagonjwa ishirini kuwaondoa. Andika hivi kwenye barua ya makubaliano: “Ikifutwa zaidi ya siku saba kabla, hakuna malipo. Kati ya siku saba na tatu, nusu. Chini ya siku tatu, malipo kamili ya nusu siku. Nikishafika kortini, malipo kamili, hata nisipoitwa.” Fedha ya siku ya korti iwe mkononi mwako siku saba kabla ya tarehe. Wasipoweka, unawaandikia kwamba unaendelea na wagonjwa wako. Mara moja ikitokea hivyo, hawarudii. Ila wakikuletea samansi kwa kesi hiyo, utakwenda. Barua haishindi amri ya korti. Deni utalidai baadaye.

Barua hiyo iandikie kampuni ya mawakili, nayo ndiyo mdaiwa wako. “Mteja hajaleta” si neno la kukuambia wewe. Itaje swali wanalotaka ulijibu, bei zote tulizotaja, na kwamba malipo hayategemei maoni wala hukumu. Ambatanisha idhini ya mgonjwa ya maandishi, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na faili kuletwa na wakili peke yake hakukutoshi. Tofautisha pia: ripoti ya kitaalamu unaweza kuishika mpaka ulipwe, lakini mgonjwa wako mwenyewe akitaka karatasi za matibabu yake, hizo si rehani.

Saa zako ziandike siku ile ile. Mistari ya namna hii yatosha: “Jumanne, saa 1.10 hadi 2.40 usiku, kusoma uangalizi wa wodi, uk. 1–58.” Ukiulizwa na wakili wa hospitali, “Daktari, umelipwa shilingi ngapi kusema haya?”, usijitetee wala usione haya. Taja bei ya saa, taja jumla ya saa, sema ililipwa kabla maoni yako hayajajulikana na kwamba ni ile ile ungeitoza hospitali. Kisha nyamaza. Anayeulizwa hivyo akababaika ni yule asiyejua bei yake ilitoka wapi.

Ankara itoke kwenye eTIMS, mfumo wa ankara wa mamlaka ya kodi (KRA), yenye PIN yako na namba ya kesi. Mawakili na kampuni za bima watakukata kodi ya zuio ya asilimia 5, kwa hiyo kwenye Sh75,000 tegemea kuona Sh71,250 benki. Usiwafuate kwa deni la Sh3,750. Dai cheti chake kwenye iTax, na kiasi hicho ukipunguze kwenye kodi yako ya mwaka.